Mchumba Aliyecheza Mtoni

Nikiita, semeni tumefika! Njooni! Tumefika!

Mbodze aliposwa na mgeni mzuri wa sura, lakini moyo wake ulisita. Mgeni alikalia kigoda, kikavunjika. Akakalia kitanda, kikavunjika. Akakalia kinu, nacho kikapasuka.

“Baba, huyu ni mtu kweli?”

“Acha kuchagua, mwanangu!”

Mbodze alizoea kuchimba maji kwenye mchanga wa mtoni. Alijua mchanga mbichi ukitikiswa hugeuka uji, ukitulia hushika kama jiwe. Akamwambia mgeni, “Kwetu bwana harusi huchezea mtoni.” Akaisimika ngoma kubwa ukingoni, akaipiga.

Mgeni akacheza, akazama magoti. Akacheza, akazama kiuno. Akacheza, akazama kifua, nywele zikaachana, na kisogoni ukafunguka mdomo wa pili wenye meno. Zimwi!

Mbodze akanyamazisha ngoma. Mchanga ukalikaba zimwi.

“Piga, mke wangu!” likalia zimwi kwa midomo yote miwili. “Piga, mchanga ulegee!”

Mbodze akajitwika ngoma, akaenda zake.

Lipo pale mpaka leo, linasikiliza. Kwa hiyo hadithi imekwisha, ila tafadhali, msinipigie makofi.