Kibali cha Duka la Lazima

Wewe unayesikiliza, ukiambiwa leo uchague duka moja tu la mtaani kwenu libaki wazi na mengine yapigwe kufuli, utafunga la nani?

Usiniambie utafunga lako. Mtu huyo sijawahi kumwona.

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, barakoa zake bado zimo kwenye droo zetu, homa ya kifua iliingia mji wa Vumbe. Amri ikatoka: watu wakae ndani. Chakula kiuzwe, dawa ziuzwe. Duka jingine lolote lifungwe, mpaka mtendaji wa kata aseme kwamba ni la lazima.

Mtendaji wa Vumbe alikuwa Bwana Mndeme, mtu wa mashati yaliyonyooshwa na ndevu zilizochongwa vizuri. Kazi hii ya kusema lipi la lazima na lipi si la lazima aliipenda kidogo kuliko alivyopaswa.

Jirani na ofisi yake palikuwa na safu ya maduka matatu, yametenganishwa kwa kuta za mbao. La kwanza la Bi Zawena, muuza kanga. La kati la Nasoro, fundi simu, aliyewachajia pia watu wasio na umeme nyumbani. La mwisho la Hemedi, kinyozi, aliyenyoa chumba cha mbele na kulala chumba cha nyuma.

Mndeme akasimama kwa Bi Zawena. "Duka lako ni la lazima?"

"La lazima, baba. Mtoto akija duniani anapokelewa kwa kanga. Mwanamke akiondoka duniani anafunikwa kanga njiani. Hapo katikati ndipo nyinyi mnapovaa suruali."

"Na la Nasoro?"

"La simu? Watu wapumzike na umbea kidogo. Funga."

Akasimama kwa Nasoro. "Duka lako ni la lazima?"

"La lazima, mkuu. Mmewafungia watu ndani, wakizidiwa wataitaje msaada? Wapige filimbi?"

"Na la Hemedi?"

"Nywele zinaota zenyewe, hazina haraka. Funga."

Akasimama kwa Hemedi. "Na wewe?"

"La lazima, mtendaji. Mtu akikaa ndani bila kunyolewa anaanza kujichukia. Akimaliza kujichukia anahamia kwa mkewe."

"Na la Bi Zawena?"

"Mwanamke gani wa Vumbe hana kanga sandukuni? Funga."

"Vizuri," akasema Mndeme. "Mmefungana wenyewe."

Akayafunga yote matatu. La Hemedi akalifunga na hotuba juu, kwamba wakati wa msiba anayefikiria urembo ni mtu asiyejiheshimu. Kisha akaweka kizuizi darajani, kwenye barabara iendayo kituo cha afya, na mgambo wawili wa kukilinda. Gari lisipite bila saini yake. Saini ya mtu mwingine haifai, hata ya makamu wake.

Basi Vumbe ikafungwa. Nasema ikafungwa kwa mbele. Kwa nyuma ilikuwa habari nyingine. Bi Zawena alikuwa na mlango wa uani. Nasoro alikuwa na dirisha. Na wanaume wa Vumbe, niwaambie kweli, sijui walikuwa wakinyolewa na malaika, maana kila ukichungulia barabarani unaona shingo safi inapita.

Sasa, kulikuwa na msichana anaitwa Somoe, mimba yake ya kwanza, mumewe yuko mbali machimboni, anakaa na mama yake, Bi Hadia. Alasiri moja uchungu ukamshika, mapema kuliko walivyoambiwa. Bi Hadia akachukua simu ampigie Salehe, mwenye pikapu. Simu haina chaji. Akakimbia kwa Nasoro, akagonga dirisha.

"Tumefunga, mama."

"Nasoro, nitakuvunjia hilo dirisha na kichwa chako."

Nasoro akafungua. Akampigia Salehe kwa simu yake mwenyewe. Pikapu ikaja, Somoe akalazwa nyuma juu ya godoro, wakaenda darajani. Mgambo wakatazama, wakaona, wakasikitika sana. Hawakufungua.

"Saini ya mtendaji," wakasema. "Alisema hata akipita mama yake mzazi, saini."

Wakageuza gari, wakarudi ofisini. Mlango umefungwa kwa komeo. Kupitia dirishani wakaiona chai yake mezani, bado inatoa moshi. Salehe akaita. Bi Hadia akaita. Somoe, kule nyuma ya pikapu, akaita kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia. Nasoro, dukani kwake, akampigia mtendaji simu. Ikaita, ikaita, ikakatwa.

Hawakuwa na pengine pa kwenda, kwa sababu mtoto hakusubiri saini.

Bi Zawena alipoona hali, akafungua mlango wa mbele, ule wa kufuli, mbele ya macho ya watu. Akamwingiza Somoe. Akachukua doti za kanga rafuni, mpya, zenye gundi yake bado, akazitandika sakafuni moja juu ya nyingine kama mtu aliyesahau kwamba ni mali ya kuuza. Nasoro akampata muuguzi wa kituo cha afya kwenye simu, akaweka sauti kubwa, akasimama kaipa mgongo shughuli, mkono ameunyoosha nyuma ameshika simu.

"Isogeze karibu!" muuguzi akasema.

"Nikiisogeza zaidi nitageuka, dada."

"Basi geuka, kwani wewe hukuzaliwa?"

Bi Zawena akapokea mtoto kwa mikono yake. Mtoto wa kike. Akakaa kimya kwanza, akawatia watu wote jasho, kisha akalia.

"Mna wembe mpya?" muuguzi akauliza. "Mpya kabisa, si wa kuazima."

Hapo Hemedi akatokea kwa mlango wa uani. Mkono mmoja wembe ndani ya karatasi yake, mkono wa pili chupa ya spiriti, na povu la sabuni mpaka kwenye viwiko. Muuguzi akaelekeza wafunge wapi na wakate wapi. Hemedi akanawa, akakata. Alikata kama aliyezoea, maana kazi yake ndiyo hiyo, kupitisha wembe karibu na uhai wa mtu.

Baadaye kidogo Mndeme akatokea akitembea haraka, barakoa imempanda mpaka chini ya macho. "Nilikuwa kwenye ukaguzi," akasema. Akasaini palepale, juu ya boneti la pikapu. Kizuizi kikafunguliwa, mama na mtoto wakapelekwa kituoni, wakaonekana wazima, wakarudi.

Hadithi ingeishia hapo tungepiga makofi tukalale. Lakini kesho yake wilaya ikalegeza: kila kata iruhusu duka moja zaidi. Moja. Mengine yatakayokutwa wazi yafungwe kwa mnyororo hadi homa iishe, na homa itaisha lini hakuna aliyejua. Kwa Bi Zawena, mjane, mnyororo ulimaanisha shehena ya msimu wa harusi kuozea ndani. Kwa Nasoro, ulimaanisha kurudi kwa baba yake na kusimangwa. Kwa Hemedi, ulimaanisha kulala nje, kwani chumba chake kilikuwa nyuma ya kiti chake.

Watu wakakusanyika mbele ya ofisi, wametawanyika kila mmoja na kigoda chake. Somoe naye akaja, dhaifu, mtoto kifuani. Mama yake alimkataza kutoka, akatoka. Mndeme akakaa mezani, kibali mbele yake, pengo la jina bado jeupe. Kati ya wanaume wote waliokuwapo ni yeye peke yake aliyevaa barakoa sawasawa.

"Semeni," akasema.

Bi Zawena akasimama. "Bila mimi mtoto angezaliwa juu ya chuma cha gari. Nilifungua mlango wa mbele. Wenzangu hawa wote walikuja kwa nyuma. Mali yangu imeloa damu, siwezi kuiuza, na sijamdai mtu. Mpeni mwingine kama mna nyuso hizo."

Nasoro akasimama. "Bila mimi Salehe asingeitwa. Bila mimi muuguzi asingesikika. Kanga bila maelekezo ni nguo tu. Wembe bila maelekezo ni hatari tupu. Nimesimama mkono nyuma mpaka leo bega linauma."

"Bega linakuuma!" Bi Zawena akasema. "Somoe, umesikia? Mwenzio naye kajifungua."

Watu wakacheka. Hata Somoe akacheka, akashika tumbo.

Hemedi akasimama. "Bila mimi wangekata kwa kisu cha muhogo. Sina zaidi."

"Una zaidi," Bi Zawena akamrukia. "Duka limefungwa, povu la nini mpaka viwikoni? Ulikuwa unamnyoa nani?"

"Mteja."

"Mteja gani?"

"Mteja mwenye ndevu, bi mkubwa. Ungekuwa nazo ningekunyoa na wewe."

Watu wakacheka tena. Mndeme akagonga meza. "Swali hilo halihusiki. Tuendelee."

Sasa niwaambie nyinyi, kwa sababu mimi sina biashara pale. Mteja alikuwa Mndeme. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha Hemedi, taulo shingoni, upande mmoja umenyolewa, upande wa pili una povu. Alilisikia gari. Alisikia akiitwa. Simu ilipoita mfukoni mwake, yeye ndiye aliyeikata.

Nasoro alijua, maana ukuta ni wa mbao na alisikia ile simu ikilia upande wa pili wakati yeye mwenyewe anaipiga. Bi Zawena alijua, maana alipokwenda uani kuchota maji aliviona viatu vya kubadhi vya mtendaji mlangoni kwa Hemedi. Swali lake kwa kinyozi halikuwa la kutaka kujua. Lilikuwa la kumkumbusha aliyekaa mezani kwamba yeye naye ana macho. Wote watatu walijua, na wote watatu walikaa kimya, kwa sababu mkono utakaoandika jina ni mkono wa yule yule.

Mndeme akachukua kalamu. "Nimepima," akasema. "Kibali nampa Nasoro. Mawasiliano ni lazima. Bi Zawena, Hemedi, leteni funguo."

Bi Zawena akautupa wake mezani ukateleza mpaka chini. Hemedi akautoa wake mfukoni, akaushika tu.

"Kabla hujaandika," Somoe akasema. Hakusimama, hakuwa na nguvu hizo. "Mimi sigombei kanga wala wembe. Hawa wote nawashukuru. Nilikuita, mtendaji. Nilikuita kwa jina. Nilidhani nakufa na mtoto wangu. Ulikuwa wapi?"

"Nilishasema. Kwenye ukaguzi."

"Wa wapi?"

"Wa maeneo."

Somoe akageuka. "Bi Zawena, hukumwona?"

"Mimi nilikuwa nimeinama na wewe, mwanangu. Ningemwona wapi?"

"Kaka Nasoro, hukumsikia?"

Nasoro akakitazama kibali kilicho karibu kuwa chake. "Mtandao ulisumbua sana siku ile, dada."

"Hemedi, na wewe hukumwona?"

Hemedi akautazama ufunguo wake. Kila kitu alichokuwa nacho kilikuwa nyuma ya mlango wa ufunguo ule. Angesema neno moja tu, angebaki nacho, au angalau asingeanguka peke yake.

"Sikumwona, mwanangu," akasema. Akauweka ufunguo mezani. "Ningeomba tu nitoe godoro langu kabla ya mnyororo."

Uungwana au biashara? Msiniulize. Kinyozi anayetaja wateja wake hapewi tena shingo ya mtu, na Hemedi alilijua hilo pia.

Mndeme akaweka kalamu kwenye pengo la jina. Akaiondoa. Mtoto akaanza kulia kifuani kwa mama yake, kilio cha njaa tu, cha kawaida, Somoe akamnyonyesha. Mndeme akatazama godoro likitolewa mlangoni kwa Hemedi, jembamba, limekunjwa na kufungwa kwa kamba.

Akashusha barakoa.

Shavu la kulia lilikuwa laini. Shavu la kushoto lilikuwa na ndevu zake zote. Kinyozi aliondoka katikati ya kazi, na tangu hapo asingeweza kurudi kwenye kiti kile, mtaa ulishinda mlangoni kwa Hemedi ukimpongeza. Hakuna aliyecheka, jambo ambalo kwa Vumbe ni la ajabu.

"Nilikuwa kwa Hemedi," akasema. "Nilikuwa nanyolewa. Nilikusikia, Somoe. Nilisikia jina langu. Simu ilipolia niliikata. Nilisema nitoke, nikajigusa shavu, nikasema watu watanionaje, mimi ndiye niliyefunga vinyozi. Nikamwambia Hemedi anyamaze. Wembe ulipoitishwa akaniambia, basi mimi naenda, akabeba mpya akaniacha kitini. Nilibaki pale, na mtoto nilishamsikia analia."

Akakisukuma kibali katikati ya meza, jina bado halijaandikwa, akavuta mkono wake.

"Mimi siandiki tena. Yupo aliyefungua mlango wa mbele, akajua, akanyamaza. Yupo aliyeita msaada, akajua, akanyamaza. Yupo aliyekata kitovu kwa wembe wa duka lile lile aliloninyolea, na kama asingeninyoa ningekuwa ofisini, na mtoto angezaliwa kituo cha afya. Semeni nyinyi mnaonisikia: je, duka la lazima ni la nani?"