Sinia la Joka

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, majiko na vikao visivyoisha, palikuwa na kijiji kimoja kikiitwa Mzizimo, chini ya mlima. Juu ya mlima huo aliishi Joka. Sogeeni karibu. Wewe wa nyuma, acha kumfinya mwenzio, habari hii inakuhusu.

Najua mkisikia joka mnawaza meno. Hata wanakijiji wa Mzizimo waliwaza meno. Hakuna aliyewahi kumwona, lakini kila mmoja alijua alivyo mkali. Alijuaje? Aliambiwa na Kamati.

Kamati ya Kumtuliza Joka ilikuwa na wajumbe watatu, wote wakubwa wa mwili. Mwenyekiti alikuwa Fisi. Msemaji alikuwa Chui, kwa kuwa ndiye aliyevaa vizuri. Kiboko alikuwa mlinzi wa njia ya mlimani, na kazi hiyo aliifanya akiwa amelala katikati ya njia.

Basi kila iliposikika juu mlimani, "Haaa... haaa... PCHUUU!" na moshi ukipanda, Fisi hutoka nje mbio, mikono kichwani.

"Mmesikia? Kakasirika huyo!"

"Anataka nini, Mwenyekiti?"

Fisi hutega sikio, hufumba macho, kisha hutikisa kichwa kwa huzuni kubwa. "Pilau. Sufuria nzima. Na asali. Na ndizi mbivu, maana Kiboko anazipenda... yaani, Joka anazipenda."

Wanyama hupika, Chui hupokea, sufuria hurudi tupu. Mlima hutulia. Wote hupumua.

"Mshukuruni Mungu mna mimi," Fisi husema, tumbo limetangulia. "Mimi na Joka tunakula sinia moja, bega kwa bega. Huniambia, 'Fisi ndugu yangu, kama si wewe, kijiji hiki ningekwisha kukichoma.'"

Watu wakapiga makofi. Ndiyo, makofi! Mnacheka? Subirini mkue.

Kamati ilikuwa na sheria moja tu: hakuna kupanda mlimani. Na sheria hiyo ndiyo iliyomgusa Bi Pimbi.

Pimbi mnamjua, yule mnyama mdogo wa kwenye mawe, mnene kama mto wa kulalia, mkia hana. Pimbi na baridi hawapatani hata kidogo. Asubuhi ni lazima alale juu ya jiwe lenye joto, la sivyo damu yake haiamki. Mwaka huo kipupwe kiliingia kwa hasira. Jua likagoma. Mawe ya kijijini yakawa baridi kutwa, na mawe yenye joto yalikuwa kule juu tu, kwa Joka.

Bi Pimbi alikuwa na mtoto mmoja, jina lake Kokoto. Kokoto aliacha kucheza. Kisha akaacha kula. Kisha akaacha hata kutetemeka, na hapo ndipo mama yake alipoogopa kweli, kwa sababu mtoto anayetetemeka bado anapigana.

Akamfunga mgongoni, akaenda kwa Mwenyekiti.

"Hodi hapa!"

"Karibu, karibu," akasema Fisi, akijifuta midomo. "Una shida gani, mama?"

"Mtoto wangu anakufa kwa baridi, Mwenyekiti. Naomba jiwe moja tu la mlimani. La chini chini, hata la pembeni."

"Aa, Bi Pimbi! Mimi pia ni mzazi, nina uchungu. Lakini Joka akimwona huyu, atammeza mzimamzima. Mimi mwenyewe nikila naye, nakula kwa adabu, jicho moja mlangoni."

"Kwani mnakula nini huko?"

"Pilau," akasema Fisi, akabeua. *Bweee!*

Bi Pimbi akainusa ile mbweu. Mdalasini, iliki, karafuu. Yeye ndiye aliyeishi karibu na mlima kuliko wote, na upepo wa kule juu ulimpitia puani kila siku. Haukuwahi hata mara moja kunukia pilau. Ulinukia pilipili.

"Ahsante, Mwenyekiti," akasema, akatoka. Lakini hakwenda nyumbani. Alishika njia ya mlimani.

Kiboko alikuwa pale pale, amejaza njia.

"Unakwenda wapi?"

"Naenda kuliwa na Joka. Mimi na mtoto."

Kiboko akafungua jicho moja. "Una ruhusa?"

"Ruhusa ya kuliwa?"

Kiboko akafikiri mpaka masikio yakachezacheza. "Hapana," akasema mwishowe. "Sheria inakataza kwenda kutembea. Kuliwa haikutajwa. Pita. Ila kurudi ni marufuku."

"Nikishaliwa nitarudije, Bwana Kiboko?"

"Hilo si la idara yangu," akasema Kiboko, akalala tena.

Bi Pimbi akapanda. Njiani aliogopa, msidhani alikuwa shujaa wa vitabuni. Alikuwa mama mwenye mtoto wa baridi mgongoni, basi. Mawe yakaanza kuwa ya uvuguvugu, kisha ya moto, na mara akamwona.

Lo! Alikuwa mrefu kama njia ya kisimani, kijani kibichi, mbavu zote zinahesabika. Alijikunja juu ya mawe katikati ya maua ya manjano, pua imevimba, nyekundu.

"Haaa... haaa... PCHUUU!" Ua moja likaungua. "Ah, samahani," Joka akaliambia lile ua. "Ni hili vumbi lenu. Halinipendi."

Bi Pimbi akapiga moyo konde. "Hodi! Shikamoo, mzee!"

Joka akageuka polepole. Chozi likadondoka juu ya jiwe, *tsss!*

"Marahaba," akasema kwa sauti ndogo. "Marahaba, mwanangu. Unajua mimi sijawahi kuamkiwa? Karibu! Karibu sana! Umekula?"

Sasa niwaeleze majoka wema walivyo, maana hamtafundishwa shuleni. Joka mwema hali nyama, hula makaa ya moto yaliyonyunyiziwa pilipili kichaa. Akilalia jiwe, jiwe hubaki na joto mpaka yeye mwenyewe asahau kwamba alililalia. Akiambiwa neno, huliamini lote. Na kubwa kuliko yote, hawezi kula peke yake. Huandaa sinia, huketi, humngoja mgeni. Mgeni asipoonja, na yeye hali. Ndiyo maana yule alikuwa amekonda vile: wageni walikuwa wamekatazwa.

"Mtoto huyu ni wa baridi!" Joka akashtuka. "Mlete, mlete!"

Akamlaza Kokoto juu ya jiwe alilotoka kulilalia, akamfunika kwa ncha ya bawa. Wakangoja. Mara mguu mmoja ukacheza. Kisha Kokoto akafungua jicho, akamtazama Joka, akasema, "Mama, huyu babu ana joto."

Bi Pimbi alilia. Alilia kwa kwikwi, hakuona haya.

Joka, kwa furaha, akavuta sinia la makaa. "Tule! Tule kwanza!"

"Ahsante, mzee, nimeshiba. Nimekula nyumbani."

"Onja tu! Kidogo tu!"

Bi Pimbi akaona zile mbavu, akamhurumia. Akalamba jivu lililopoa pembeni mwa sinia. "Tamu," akasema. Joka akapiga makaa yote, *krau, krau, krau*, macho yakimng'aa.

Aliposhiba akauliza kwa aibu, "Huko chini... wananichukia?"

Hapo Bi Pimbi akafikiri. Akishuka aseme Joka ni mwema, nani atamsikiliza Pimbi? Wataambiwa amerogwa. Kesho njia itazibwa kwa viboko wawili, na Kokoto atarudi kwenye baridi. Akatabasamu.

"Wakuchukie? Mzee, una marafiki watatu wa kufa na kuzikana! Mkubwa wao, Bwana Fisi, kila siku anatangaza kwamba mnakula sinia moja, bega kwa bega."

"Mimi?" Joka akasimama. "Ananitaja mimi? Na mimi nimekaa huku nimejikunja, sijamwalika hata siku moja! Maskini, atakuwa na njaa ya ajabu!"

"Njaa yake haisemeki," akasema Bi Pimbi. "Lakini ni mwenye haya, mzee. Atakwambia ameshiba. Usimkubalie."

"Simkubalii ng'o!"

Kokoto akabaki juu ya jiwe lake. Mama yake akateremka kwa ufa wa mwamba, Kiboko asimwone, akaingia kijijini wakati wanyama wote wako kikaoni.

"Nimetoka kwa Joka!" akapaza sauti. "Anawasalimu. Anakuja sasa hivi kula na rafiki zake wa Kamati. Kijiji hatakigusa, mradi rafiki zake wasikatae chakula chake."

Wanyama wakaruka, wanataka kukimbia. Lakini Sungura mmoja mzee akasema, "Tunakimbia nini? Si Mwenyekiti yupo? Hula naye kila siku."

"Kweli! Mwenyekiti yupo!" Wakaketi tena, wakamtazama Fisi.

Fisi alikuwa amebadilika rangi mpaka madoa yamepauka. "Huyu... huyu Pimbi ni mwongo. Mlimani hajafika!"

"Kapita," akasema Kiboko, aliyekuwa amekuja kula ndizi. "Alisema anakwenda kuliwa. Kwa sheria, amekwisha kuliwa."

Kabla Fisi hajajibu, anga likafunikwa. *Vuuuuu! Puuuh!* Joka akatua katikati ya uwanja, Kokoto shingoni, sinia mkononi, makaa yanawaka, pilipili kichaa juu yake.

"Fisi ndugu yangu yuko wapi?"

Vidole vyote vikamwonyesha. Hakuna kitu kinachopatana haraka kama vidole.

Joka akamkumbatia, manyoya yakanuka kuungua. "Umenisubiri sana! Nisamehe! Kaa hapa, bega kwa bega. Na ninyi wawili, karibuni!"

"Mimi jino linaniuma," akasema Kiboko, akafunga lile domo lake lote.

"Mimi mganga kanikataza vya moto," akasema Chui.

"Na mimi nimeshiba," akasema Fisi. "Nimeshiba kabisa. Wallahi."

"Haya ndiyo niliyoambiwa!" Joka akacheka. "Una haya, ndugu yangu. Onja tu. Kidogo tu!"

"Ni... ni ya moto mno, mzee."

"Aa, kumbe ni hilo? Ngoja nikupulizie, kipoe."

Na Joka, kwa wema wake wote, akavuta pumzi akapuliza. *FUUUUU!* Makaa yakalipuka. Sharubu za Fisi zikaondoka zote kwa pamoja.

"Bado hakijapoa," akasema Joka kwa huruma. "Nipulize tena?"

"Usipulize!" Fisi akapiga yowe. "Usipulize, nakuomba! Sili makaa! Sijawahi kula nawe! Sijawahi hata kukuona! Pilau nilikula mimi! Asali kala Chui! Ndizi kala Kiboko!"

Kila mmoja akaanza kukumbuka sufuria yake.

"Pilau ni nini?" Joka akauliza.

"Haaa..." Lilikuwa vumbi la ua la manjano, Kokoto amemchomeka Joka sikioni. "Haaa... PCHUUU!"

Wanyama wakatazamana. Ile ndiyo hasira waliyokuwa wakiipikia miaka yote! Mmoja akacheka, wote wakacheka, isipokuwa Fisi, aliyekuwa tayari ng'ambo ya mto. Njia ya mlimani ikafunguliwa siku ile ile, na Kokoto akawa wa kwanza kupanda, safari hii kwa miguu yake mwenyewe. Kila asubuhi watoto wa kijiji walikwenda kuota joto kwa babu, na kila mmoja alilamba jivu kidogo, naye Joka akanenepa.

Mnadhani yaliisha? Hamwajui watu. Kipupwe hakijapita, Chui akasimama kikaoni, nguo safi, sauti laini.

"Ndugu wanakijiji, kwa kuwa sasa tunajua Joka ni mwema, ni lazima tuwe na Kamati ya Kumshukuru Joka. Itahitaji mwenyekiti. Na pilau kidogo, kwa ajili ya vikao."

Wengine, msiniulize ni nani, wakaanza kupiga makofi.

Bi Pimbi akasimama juu ya jiwe. "Wazo zuri," akasema. "Mwenyekiti achaguliwe leo. Kwanza tu, akale na Joka sinia moja, bega kwa bega, sisi tukimtazama. Nani anajitolea?"

Chui akaitazama mikono yake kana kwamba ni ya kuazima, akaketi taratibu. Kiti cha mwenyekiti wa Mzizimo kiko wazi mpaka leo, na kijiji kinaendelea vizuri.

Basi shikeni hili: mtu akiwatisha kwa jina la mkubwa, mwambieni ale na huyo mkubwa mbele ya macho yenu.

Hadithi imeiva, nimeipakua. Anayeiona ya moto, aipulize mwenyewe.