Mlango wa Mabamba Matatu

Hapo zamani, wakati masultani walipokuwa wengi kuliko miji ya kutawala, palikuwa na sultani mmoja katika mji wa Shangamu, jina lake Mwinyi Jabali. Hakuwa mtu mbaya, ila alipenda kila jambo liende kama lilivyokwenda enzi za babu yake, na katika mambo ya babu yake hapakuwa na kubwa kuliko mlango wa ukumbi wa hukumu.

Mlango ule ulikuwa ubao mmoja mpana wa mvule, mzito hata mngoja mlango alikuwa hapewi kazi nyingine ila kuufunga. Juu yake yalipigiliwa mabamba matatu ya shaba, yote kwa kimo kimoja. Moja lilikuwa karibu na ukingo, mbali na bawaba, nalo ni la Sultani na mabwana wake. La pili lilikuwa katikati, la wafanyabiashara. La tatu, dogo, lilikuwa shubiri moja tu kutoka kwenye bawaba, nalo ni la maskini. Na sheria ilikuwa fupi: kila mtu asukume kwa bamba la daraja yake, kwa mkono mmoja, bila msaidizi, atakayefungua ataingia na kusikilizwa, na atakayegusa bamba lisilo lake atapigwa fimbo sitini, awe nani awaye.

Basi mabwana wakaingia wakizungumza, wafanyabiashara wakaingia wakihema, na maskini hawakuingia. Ikawa kwa miaka arobaini hapana maskini aliyesikilizwa, na Sultani akiulizwa husema kwa moyo safi kabisa, "Mwenye shida ya kweli hupewa nguvu. Hawa wanaoshindwa na mlango hawana shida, wana uvivu." Na mabwana husema, "Naam, ndivyo." Ulitaka waseme nini?

Katika mji huo alikuwapo mchukuzi wa mzega, jina lake Vuai, hana mbele wala nyuma. Mali yake yote ilikuwa mti wa kuweka begani na kamba mbili za kuning'inizia mizigo. Watu walimwona mpumbavu, kwa kuwa ukimwambia neno hulishika kama lilivyo. Tajiri mmoja alimwambia, "Nisubiri hapa," akaenda zake akasahau, na Vuai akasubiri siku mbili.

Ikawa punda wa Waziri Feruzi amepotea, na nduguye Vuai, jina lake Silima, ameonekana njiani na kamba mkononi. Akatiwa gerezani. Siku ya tatu punda akarudi mwenyewe, amenenepa. Lakini hukumu ilikwisha andikwa, na hakuna wa kuitangua ila Sultani, na Sultani hasikilizi shauri la mtu asiyeufungua mlango. Jumamosi Silima angepelekwa kisiwa cha wachonga mawe, na waliopelekwa huko mji ulikwisha waswalia kama maiti.

Vuai alipata habari hizo Alhamisi asubuhi, akaenda mbio mpaka kwenye mlango, akaweka mkono juu ya bamba la maskini, akasukuma. Akasukuma mpaka macho yakamwiva. Mlango ulikaa palepale. Basi akaketi barazani pamoja na maskini wengine, akaogopa hofu ambayo hakuwahi kuijua, kwa kuwa Silima ndiye aliyemlea.

Akiwa ameketi akaona mambo. Alikuja Waziri Feruzi, mzee mkavu mwenye kikohozi, akasukuma kwa vidole viwili na mlango ukafunguka. Kisha akaja Khatoro mhunzi, mwenye mikono minene kama mapaja ya watu wengine, akasukuma kwa bamba la maskini mpaka mishipa ikamsimama shingoni, na mlango hata haukulia.

Vuai akamwambia, "Bwana Khatoro, wewe ni mvivu."

Khatoro akamtazama. Akasema, "Vuai, mimi leo si mtu wa kutaniwa."

"Sikutanii. Sultani ndiye asemaye. Lakini mimi kwenye mzega, mtungi uleule nikiusogeza karibu na bega ni mwepesi, nikiupeleka mwisho wa mti waniinamisha mpaka chini. Na mtungi haukuongezeka maji." Akainuka, akapima kwa mkono bila kuugusa mlango. Kutoka bawaba hata bamba la maskini, shubiri moja. Kutoka bawaba hata bamba la mabwana, shubiri nane. Akarudi kuketi. "Waziri ana nguvu za mtu mmoja, mlango wamlipa za wanane."

"Haya, umejua. Sasa?"

"Sasa bado umefungwa," akasema Vuai.

Alasiri ikafika, na Sultani akatoka pamoja na mabwana wote kwenda shamba kutazama farasi wake, kama ilivyo desturi yake. Vuai akainama mbele yake, akasema, "Bwana wangu, sina shauri la kusema, maana sijaufungua mlango. Nina swali la mlango tu."

Sultani akasema, "Uliza."

"Je, nikiufungua kwa bamba la maskini, kwa mkono mmoja, nitasikilizwa?"

"Utasikilizwa hata jua lizame. Lakini angalia: bamba lisisogezwe hata upana wa ukucha, wala mtu asikusaidie kusukuma."

"Na bawaba, bwana wangu?"

Sultani akacheka, na mabwana wakacheka baada yake. Akasema, "Bawaba zifanye upendavyo. Zipake mafuta, zipake asali. Sheria ya babu yangu haina neno juu ya bawaba." Wakaenda zao.

Basi Vuai akamgeukia Khatoro, akasema, "Ulimsikia. Nipendavyo mimi, zikae upande wa pili."

Mngoja mlango akataka kupiga kelele, lakini naye alikuwa amesikia kwa masikio yake. Khatoro akaenda kuleta koleo na nyundo. Akang'oa bawaba, na maskini ishirini wa barazani wakauinua mlango, kwa kuwa sheria imekataza kusaidiwa kusukuma, haikukataza kubeba. Bawaba zikapigiliwa kwenye ukingo mwingine na mwimo mwingine, mlango ukasimamishwa, ukafungwa. Mngoja mlango akahesabu mabamba, akayakuta matatu, kila moja mahali pake, akaketi.

Jua lilipopungua Sultani akarudi, ana vumbi na kiu. Waziri Feruzi akatangulia kumfungulia, akaweka vidole viwili. Akaweka mkono mzima. Kikohozi kikamshika. Sultani akasema, "Ondoka, mzee," akasukuma mwenyewe, kwanza kwa heshima, kisha bila heshima, mpaka kilemba kikamshuka machoni. Mlango haukulia. Maskini barazani wakatazama miguu yao.

Waziri akasema, "Bwana wangu, sukuma kwa lile bamba dogo."

Mngoja mlango, maskini ya Mungu, akasema kwa sauti ndogo, "Fimbo sitini, bwana wangu. Awe nani awaye."

Basi Sultani akaketi barazani, kwenye jiwe, kwa kuwa hapakuwa na pengine. Ndipo Vuai akainuka, akaweka kidole kimoja juu ya bamba la maskini. Mlango ukaanza polepole, kisha ukashika mwendo, na ulipokwisha kushika mwendo haukuzuilika. Ukapiga ukuta wa ndani, chokaa ya juu ya mlango ikamwangukia Waziri. Vuai akaingia. Baada ya kitambo akatoka.

Akasema, "Nimeingia, bwana wangu, lakini ndani hakuna mtu wa kunisikiliza."

Na hapo ndipo vichwa hukatwa. Lakini Sultani akasema, "Nina shida ya kweli ya maji ya kunywa, nami sikupewa nguvu. Miaka arobaini nimewaita wavivu. Sema shauri lako papa hapa."

Vuai akasema habari ya Silima na punda. Sultani akamwuliza Waziri, "Punda yuko wapi?"

"Yuko zizini, bwana wangu."

"Tangu lini?"

Waziri akakohoa. Kikohozi kile hakikuwa cha ugonjwa. Basi Sultani akaitangua hukumu palepale juu ya jiwe, Silima akatolewa kabla ya magharibi, akamkumbatia nduguye, wakalia wote wawili mbele za watu bila haya.

Kisha Sultani akasema, "Ewe Vuai, nitakupa nyumba na joho. Lakini niambie, bawaba nizirudishe upande gani ili mlango uwe wa haki?"

Vuai akajibu, "Upande wowote utakaoziweka, bwana wangu, yuko mtu utakayempa bamba la karibu nazo."

Sultani akamwita Khatoro, akamwamuru ayang'oe mabamba yote matatu, na kila mtu asukume apendapo. Tangu siku hiyo, Sultani na mchukuzi, Waziri na mhunzi, wote walisukuma ukingoni. Ubao ule wa mvule ukalika pale ukingoni kwa mikono ya watu, ukang'aa, na kule karibu na bawaba haukuonekana hata alama ya kidole kimoja.

Nami niliyekusimulia sikuwapo. Nimeyapata kwa waliokuwa barazani, na wao hawakuwa wavivu.