Moto Usiokula Kuni

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa kwa nani?
Pakawa kwa aliyeinjika chungu.

Basi sogeeni. Hapo kale, katika kijiji cha milimani chenye ukungu, aliishi mjane aitwaye Nakiete na binti yake mdogo, Nambua. Nakiete alitwanga mtama wa watu kwa ujira. Msitu ulikuwa wa mfalme, haukatwi, kwa hiyo kuni zilinunuliwa, na ujira mwingi uliishia jikoni. Akapunguza chumvi. Akapunguza mafuta. Akapunguza chakula chake mwenyewe. Bado ujira haukutosha.

Siku moja ya manyunyu, akirudi kutoka kutwanga, alimkuta fisi jike ameketi kando ya njia kama anayemngoja. Mbele yake palikuwa na kigae chenye kaa la moto jekundu. Mvua ililidondokea, lakini halikuzimika wala kutoa moshi.

"Mama Nambua," akasema fisi, "bado unanunua kuni?"

"Nanunua. Nitafanyaje?"

"Moto huu hauli kuni. Nenda nao."

"Kwa bei gani?"

"Mimi sitaki kitu. Moto wenyewe ukikuomba kitu, uambie tu: chukua."

Nakiete akaenda nao. Ukawaka katikati ya mafiga bila kuni, bila moshi, bila sauti. Maharage yakaiva upesi. Kisha moto ukasema, taratibu, "Nipe kidogo tu cha aliye uani."

Uani palikuwa na kuku. Nakiete akafikiri unataka manyoya. "Chukua," akasema.

Asubuhi kuku alikuwa akidonoa kama kawaida, lakini mwili wake ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Yai alilotaga lilikuwa baridi.

Siku ya pili moto ukasema, "Nipe kidogo tu cha aliye zizini."

Nakiete aliwaza bei ya kuni. "Chukua," akasema. Mbuzi wake aliyekuwa zizini akapoa mwili. Maziwa yake yakatoka baridi, naye akawa anamtazama Nakiete bila kupepesa.

Siku ya tatu moto ukasema, "Nipe kidogo tu cha aliyelala."

Paka alikuwa amelala kando ya mlango. Nakiete akamtazama, akasema, "Chukua."

Paka akaamka, akajinyoosha, akatoka. Ndipo Nakiete alipokumbuka ni nani mwingine aliyelala. Akakimbilia kitandani. Nambua alikuwa ameketi, macho wazi, midomo myeupe. Akamshika mashavu.

"Mama, mbona mikono yako inaunguza?" akauliza mtoto.

Nakiete hakuwa na homa. Mtoto ndiye aliyekuwa baridi.

Akaumwagia moto maji, haukuzimika. Akaufukia kwa majivu. Ukawaka chini ya majivu. Ndipo akaketi mbele yake, siku nzima, akafumba mdomo.

"Nipe kidogo tu," moto ukasema. Nakiete hakujibu.

"Nipe kidogo tu. Utapikia nini kesho?" Hakujibu.

Mara ya tatu moto ukasema kwa sauti ya Nambua: "Mama, nasikia baridi. Nipe." Nakiete akaingiza nguo mdomoni, akaiuma, machozi yakamtiririka. Hakusema neno. Moto ukapungua ukawa kama jicho, jicho likajifumba, ukazimika.

Akambeba mtoto hadi kwa jirani yake, Mama Senzige.

"Shoga, sina moto," akasema. Maneno hayo alikuwa ameyaonea aibu mwaka mzima.

"Pita," akasema Mama Senzige. "Kumbe kila mmoja wetu ananunua mzigo wake wa kuni? Huu wangu unaniua."

Tangu siku hiyo wakapika pamoja, chungu kimoja, moto mmoja, na kuni wakanunua kwa zamu. Maharage waliyaloweka tangu jana yake. Yakichemka, waliufunika mdomo wa chungu, wakakitoa motoni na kukizungushia majani makavu ya migomba, yakamaliza kuiva yenyewe. Mzigo wa siku mbili ukafika siku tano. Chumvi ikarudi chakulani.

Nambua naye akapata joto polepole, miguu kwanza, kisha kifua, kisha uso. Ila vidole viwili vya mkono wa kushoto havikupata. Kila walipoketi kula, Nakiete alivishika mpaka mtoto akashiba.

Hapo ndipo ngano yangu ilipotua, nami nimeiacha papo hapo.