Saumu ya Muqbil na Sahani ya Nzige

Wametusimulia waliotutangulia kwamba palikuwa na mcha Mungu mmoja akiitwa Muqbil bin Harith, mtu wa mjini, aliyezoea mkate wa ngano na asali. Safarini kwenda Hija jua lilimchosha, akapokewa katika hema la mfugaji aitwaye Waddah. Ulikuwa mwaka wa ukame. Mifugo ilikuwa imekwisha, na nyumba ile haikuwa imetia kitu mdomoni tangu jana yake.

Mke wa Waddah, Bi Lubaba, akaandaa sahani. Muqbil akatazama, akaona nzige. Nzige wa kukaangwa, na miguu yao, na macho yao. Alijua fika kwamba ni halali, maana mwenyewe alikuwa akiwafundisha watu hivyo msikitini. Lakini tumbo lake lilitoa fatwa nyingine.

"Niwieni radhi," akasema, "nimefunga."

"Sheikh, kama ni saumu ya sunna, si vibaya ukaifungua kwa ajili yetu," akasema Waddah.

"Ni ya nadhiri."

Basi, uongo wa kwanza ukataka wa pili, ndiyo kawaida yake. Waddah hakumshikilia. Akaifunika sahani kwa kawa, akaisogeza pembeni. Muqbil akashusha pumzi, akatoa tasbihi, akaanza kuleta istighfari ili aonekane mfungaji hasa.

Hakuijua desturi ya watu wale. Mgeni akiwamo hemani, hakuna anayegusa chakula kabla yake, awe mkubwa au mdogo.

Adhuhuri ikapita. Nyuma ya pazia akamsikia binti mdogo wa nyumba akiuliza, "Mama, jua litatua lini?"

"Subiri, mwanangu. Mgeni wetu akifuturu, na sisi tutakula."

Tasbihi ikamponyoka. Nafsi ikamwambia: aga uende zako, watakula ukishaondoka, na jina lako litabaki safi. Akainuka nusu. Kisha akaona haya mbele ya Mola wake, akaketi tena.

"Ndugu yangu Waddah, sikufunga, wala sina nadhiri. Chakula chenu nilikiona kinyaa, nikaogopa kusema, nikamsingizia Mwenyezi Mungu."

Waddah akairudisha sahani mbele yake. "Ungesema tu hujakizoea, sheikh. Ungeigusa sahani kwa kidole, sisi tukala."

Muqbil akafunua kawa, akapiga bismillahi, akatia nzige mmoja mdomoni. Hatuambiwi kwamba alimpenda. Tunaambiwa alitafuna kwa taabu, akameza, akamhimidi Mola wake, na mkono wa pili kufika sahanini ulikuwa wa yule binti.

Ndugu zangu, kutopenda chakula si dhambi. Kila mtu na alicholelewa nacho. Lakini ibada si kawa ya kufunikia tusichotaka kula, kwani huenda chini yake mna riziki ya mtoto wa mwenzetu. Mola atujaalie ulimi wa kusema "sijazoea," na mkono wa kuonja.