Mwanasesere Aliyekufa Mara Tisa

Hapo zamani, zamani ambayo wengi wetu tulikuwa tumeshazaliwa, aliishi milimani Upareni mama mmoja jina lake Nakijwa. Mwanawe Senkoro, wa miaka mitatu, aliugua koo, madaktari wakamtoboa shingoni na kumwekea mrija wa kupumulia. Mtoto alipopata nafuu, Nakijwa akafunga mizigo. Muuguzi wa wodi, Sista Foibe, akamzuia mlangoni.

"Huendi popote, mama. Mrija ukiziba huko nyumbani, utafanyaje?"

Akamletea mwanasesere. Nakijwa akashika mdomo! Alikuwa wa kitambaa, mkubwa kama Senkoro, ana mrija shingoni uliofungwa kwa kamba, na kifua chake kilipanda na kushuka Sista alipobonyeza mpira wa hewa. Alishonwa na Mboni, fundi cherehani wa nje ya geti, ambaye alikaa siku nne akitazama watoto wanavyopumua ndipo akashika mkasi.

Sista akaziba mrija, akampa Nakijwa mwingine aubadilishe. Kifua kikasimama. Nakijwa akababaika, akachelewa.

"Amekufa," Sista akasema. "Anza tena."

Akaanza tena, mwanasesere akafa tena. Kesho yake Sista akaita watu wapige kelele chumba kizima. Akafa tena. Mara tisa mwanasesere alikufa, na mara tisa Nakijwa alilia kama mfiwa. Mara ya kumi kifua kikapanda.

"Sasa nenda," akaambiwa.

Siku zote hizo mama mkwe wake, Bibi Namkunda, alikuwa benchini akitazama. Alipoambiwa naye ajaribu, alikataa katakata.

"Mimi na uzee huu nicheze na mwanasesere?"

Wiki ya tatu nyumbani, asubuhi, Senkoro akiwa anakunywa uji, midomo ikageuka rangi. Mrija umeziba. Nakijwa akanyakua mrija wa akiba aliopewa hospitalini. Yote yakamtoka kichwani.

Ndipo Bibi Namkunda akapaza sauti, kali kama ya Sista Foibe:

"Kata kamba! Chomoa! Kichwa nyuma! Chomeka! Shikilia hapo!"

Kila neno, mikono ya Nakijwa ikalitii. Fyuu! Hewa ikapita. Kifua kikapanda, kikashuka, kikapanda. Wale wanawake wawili wakapiga magoti wakikitazama, mpaka uji ukapoa.

Nakijwa alikuwa mjamzito. Mumewe, Yonazi, aliposikia yaliyotokea, akaapa: "Akizaliwa wa kike, ataitwa jina la aliyemwokoa kaka yake."

Akazaliwa wa kike. Watu wakaja kumwona.

Mboni akasema, "Nisingeshona kifua kinachopumua, mngefundishwa maneno matupu."

Sista Foibe akasema, "Ningemhurumia Nakijwa siku ya kwanza, leo tungekuwa na kaburi."

Bibi Namkunda akasema, "Fundi hakuwepo. Sista hakuwepo. Nilikuwepo mimi."

Majirani nao wakasema, "Aitwe Nakijwa! Mikono ilikuwa ya nani?"

Nakijwa akampakata binti yake, akawatazama mmoja mmoja, na kila mmoja wao akamwona anastahili kupigiwa magoti. Yonazi akamwambia, "Mama Senkoro, taja jina."

Je, ninyi mnaonisikiliza, ataje la nani?