Mabinti Wawili na Mshauri Mmoja

Mama mmoja alikuwa na mabinti wawili, mmoja wa kumzaa na mmoja wa kumlea. Wa kumzaa aliitwa Sekela. Wa kumlea aliitwa Bupe, mtoto wa marehemu mdogo wake. Walikula sahani moja, walishonewa nguo za kitambaa kimoja, na mwaka walipomaliza kidato cha sita waliitwa chuo kikuu kimoja kusomea uchumi wa kilimo. Mama aliwasindikiza mpaka stendi. Hakuwa na maneno mengi. Aliwaambia tu kwamba anataka kuwaona wote wawili wamevaa joho siku moja, kwa sababu nauli ya kwenda huko mara ya pili hataiweza.

Sekela ndiye aliyekuwa mwepesi wa akili. Tangu shule ya msingi alimpita Bupe kwa kila somo. Bupe alikuwa mzito, mtu wa kuelezwa jambo mara mbili na kuomba la tatu. Majirani walilijua hilo, Bupe mwenyewe alilijua, wala halikumwudhi. Sekela alimpenda sana ndugu yake. Lakini alimpenda kama mtu aliye mbele ampendavyo aliye nyuma, na huo ni upendo rahisi.

Katika chuo kile kila mwanafunzi alipewa mshauri wa masomo, yaani mwalimu mmoja wa kumwendea kwa muda wote wa masomo yake. Mabinti hawa walipangiwa mtu mmoja, Mwalimu Luvanda, mwanamume wa makamo, mpole, mwenye kikohozi kisichokwisha. Siku ya kwanza aliwakusanya wanafunzi wake wote akawaambia wasingoje kuitwa. Alisema yeye hawezi kuona kilicho tumboni mwa mtu. Wote walicheka, Sekela na Bupe pamoja nao.

Sekela alikwenda kwake kila mwanzo wa muhula, maana bila saini ya mshauri mtu hasajiliwi. Alibisha hodi, akaamkia, akasimama karibu na mlango, mkoba begani. Mwalimu alimkaribisha kiti. Alishukuru, akasema hataki kumchelewesha. Mwalimu alimuuliza habari za masomo.

"Nzuri, Mwalimu."

"Hakuna tatizo?"

"Hakuna, Mwalimu."

Mwalimu akatia saini, Sekela akapokea kwa mikono miwili, akatoka. Alijiona msichana aliyelelewa vizuri, asiyesumbua wakubwa.

Bupe naye alikwenda. Ila Bupe alikwenda hata wakati hakuna saini ya kutafuta, na akiingia hakutoka upesi.

Jambo hilo lilimkaa Sekela moyoni. Mwanzo lilikuwa dogo. Bupe alirudi bwenini na kitabu cha Mwalimu, chenye jina la Mwalimu ndani ya jalada, akakiweka juu ya mto wake. Sekela alikitazama kile kitabu mara nyingi kuliko Bupe alivyokisoma. Kisha siku moja walikutana na Mwalimu njiani wakitoka kula. Mwalimu alisimama. "Bupe, lile jibu umelipata?" Bupe akasema bado, akaeleza amefika wapi, na Mwalimu akasikiliza mpaka mwisho. Ndipo akamgeukia Sekela. "Hujambo, mama?" Kisha akaenda zake akikohoa. Sekela alitembea mpaka bwenini akiyapima maneno yale. Bupe ameulizwa jambo. Yeye ameulizwa hali.

Kuanzia hapo alianza kuhesabu vitu visivyohesabika. Bupe anacheka vipi akitoka kule? Kwa nini anapokwenda anavaa ile blauzi safi? Kwa nini anaandika maswali yake kwenye kiganja cha mkono kabla ya kwenda, kama mtu anayekwenda kuoneshwa kwa wakwe? Sekela aliwaambia wasichana wa chumbani kwao kwamba siku hizi watu hupata mababa ukubwani. Wasichana wakalipenda neno hilo. Bupe alipoingia walisema, "Mtoto wa mshauri kaja, mpisheni!" Bupe alicheka nao, kwa kuwa hakujua neno limetoka kwa nani.

Siku moja Sekela alimfuata mpaka kwenye ofisi ile, akasimama nje, karibu na mlango ulioegeshwa. Alidhani anasemwa. Mwenye wivu hudhani jina lake liko katika kila mazungumzo. Akamsikia Mwalimu akiuliza habari za masomo, na Bupe akajibu, "Nzuri, Mwalimu, lakini takwimu sizielewi hata kidogo. Naketi mbele, naandika kila kitu, nikitoka nimekiacha kule kule."

Sekela alifunika mdomo ili asicheke. Yeye naye hakuelewa takwimu. Somo lile lilikuwa limempita kama mvua ya upepo, akabaki na maneno yake tu bila maana. Lakini kwenda kulisema mbele ya mwalimu! Kujianika hivyo kama nguo ya ndani uani! Alirudi chumbani mwepesi siku ile. Alijiambia kwamba sasa mtu yule atajua ni nani mwenye akili kati yao.

Mwalimu alimpeleka Bupe kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu waliokuwa wakifundishana takwimu jioni, chini ya ngazi za maktaba. Bupe alirudi akamwambia Sekela, "Dada, twende wote. Wanaeleza polepole, hata mimi naambulia."

"Nenda wewe," Sekela akasema. "Mimi siendi kwenye wodi ya wagonjwa."

Bupe akaenda peke yake. Alipofanya jaribio, alipata alama mbaya, akazipeleka kwa Mwalimu vilevile zilivyo. Alipofanya jingine, alipata nafuu, akazipeleka pia. Mwalimu aliwahi kumshauri aache somo la masoko achukue jingine, na Bupe akakataa, akaeleza kwa nini. Sekela alipoisikia habari hiyo alifurahi. Alisema, sasa atafukuzwa. Lakini Mwalimu alimwambia Bupe kwamba sababu yake ni nzuri kuliko ushauri wake, na somo likabaki. Wivu wa Sekela ukaota mzizi wa pili. Mwanzo aliona uchungu kwamba Bupe anapewa. Sasa aliona uchungu kwamba Bupe anaweza kukataa anachopewa, na bado akapendwa.

Matokeo ya mwaka wa pili yalipotoka, Bupe alikuwa amefaulu takwimu, si kwa wingi, lakini amefaulu. Sekela alianguka. Alipewa mtihani wa marudio, ambao wanafunzi huuita sapu. Hakumwambia mtu. Alimwambia Bupe kwamba anabaki chuoni likizo ili asome mbele. Alisoma peke yake, kwa hasira, kurasa zilezile ambazo hazikumwambia kitu mara ya kwanza. Akaanguka tena. Chuo kikamwamuru arudie mwaka, na akaonywa kwamba akianguka mara nyingine atakuwa amedisko, yaani atarudishwa nyumbani moja kwa moja.

Sasa yule aliyekuwa nyuma yuko mbele mwaka mzima, naye mama yao ataitwa kwenye sherehe ya mmoja.

Sekela alikwenda kwa Mwalimu Luvanda siku ileile. Hakubisha hodi. Alisimama pale pale alipozoea kusimama, na kwa mara ya kwanza hakutafuta maneno ya adabu. Alimuuliza kwa nini amembeba Bupe akamwacha yeye. Walitoka nyumba moja. Walipangiwa yeye siku moja. Na mwenye akili zaidi alikuwa nani? Alisema yote hayo huku akilia, na watu waliokuwa wakipita nje walipunguza mwendo.

Mwalimu alisubiri amalize. Alikohoa, akanywa maji, akamtazama.

"Mwanangu, kila nilipokuuliza habari uliniambia nzuri, nami nikakuamini. Bupe naye huniambia nzuri, lakini yeye haishii hapo."

Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba labda naye alipaswa kuuliza tena.

Kwetu mtu akiulizwa habari hujibu nzuri. Mgonjwa hujibu nzuri. Hata aliyefiwa, ukimkuta njiani, hujibu nzuri kwanza, ndipo akwambie amemzika nani. Kila mtu anajua kwamba nzuri ile ni hodi tu, na habari zenyewe huja nyuma yake. Sekela alikuwa amepiga hodi miaka miwili na kuondoka kabla hajaingia. Kisha akamchukia mwenzake kwa kuwa alikaribishwa ndani.

Aliketi. Akaeleza kwamba takwimu hazielewi tangu wiki za mwanzo. Akaeleza kwamba kuna somo alilichagua kwa sababu tu Bupe hakulichagua. Akaeleza kwamba hajui anasomea nini, kwamba alifuata jina la kozi kwa kuwa lilisikika vizuri watu walipomuuliza. Mwalimu alisikiliza kila neno. Walizungumza mpaka watu wa usafi wakaja na ndoo zao. Alimwonesha yanayoweza kurekebishwa, nayo yalikuwa mengi. Lakini mwaka uliokwenda haukuwa miongoni mwao.

Bupe alipovaa joho, Mama alikuja kwa basi la usiku kucha, amejifunga kitenge kipya. Alimvika Bupe taji la maua, akampigia vigelegele mpaka sauti ikakauka. Kisha akageuka kumtafuta yule mwingine, akamwona amesimama katikati ya wageni, amevaa nguo ya kawaida, maana ndiyo kwanza alikuwa ameuvuka mwaka aliorudia. Mama alijua kabla ya siku ile, maana Sekela alikuwa amemwambia yote mwenyewe. Lakini kujua ni kitu kimoja na kuona ni kingine. Alimshika mkono, akaushika muda mrefu.

"Dada, mwakani mimi ndiye nitakayekupigia vigelegele," Bupe akasema, akitaka kuwachekesha.

Sekela alicheka kidogo. Ningependa kuwaambia kwamba siku ile moyo wake ulikuwa mweupe, lakini haukuwa. Alilitazama joho la Bupe jinsi lilivyomkaa mabegani, na lilimuuma. Ila safari hii hakumtafuta wa kumlaumu. Kesho yake, Bupe na Mama walipokuwa wakifunga mizigo, yeye alikuwa amekwisha kwenda chini ya zile ngazi za maktaba, akaketi na wanafunzi wadogo kwake, akawaomba takwimu za mwaka wa tatu waanze mwanzo kabisa.

Ndugu zangu, tunao watu tuliopewa ili watuoneshe njia, nao si waganga wa kupiga ramli. Basi ukimwona mwenzako ametoka kwa watu hao mikono imejaa, nawe moyo ukakuchoma, kabla hujasema amependelewa, jiulize: wewe uliomba nini?